Mji wa Kumpeleka Beto

Umbilo, Durban

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha wateja hapa saluni, mlango nimeufunga kwa ndani kwa sababu ni Jumapili, na Beto nimemwacha nyumbani na jirani. Goti lako linaendeleaje? Stefano aliniambia umeanza tena kupanda kile kilima kwenda kanisani kwa miguu, kana kwamba daktari alikuwa anazungumza na mtu mwingine. Na machungwa mwaka huu yamekubali? Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala. Lakini siwezi kukudanganya mama, mimi mwanao si mzima. Maji yamenifika shingoni.

Najua utashangaa kuletewa barua ya karatasi siku hizi. Barua hii anakuletea Bwana Hamisi, yule muuza spea wa Tanga anayekuja huku kufuata mzigo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu nimeshindwa. Nikinyamaza kidogo tu unaanza kulia, nikikusikia nami nalia, vocha inaisha hatujaambiana kitu. Humu utanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Vaa miwani, kaa chini, usome mwenyewe. Usimpe Stefano akusomee, maana yule huruka mistari asiyoipenda.

Unajua mkweo Beto alipata kiharusi mwaka jana akiwa kazini kule bandarini, upande wa Bluff, anachomelea vyuma. Nilikuambia mkono wa kulia umelegea na mguu unaburuta. Ambalo sikukuambia vizuri ni habari ya maneno yake. Nilikuambia "bado hajarudisha sauti vizuri", nawe ukawa unamsalimia kwenye simu na kungoja ajibu. Sauti anayo, mama. Kilichoondoka ni Kiswahili.

Kimeondoka chote. Na Kiingereza chake, ambacho hata hivyo kilikuwa cha kuombea kazi tu, nacho kimekwenda. Amebaki na Kihispania cha kwao Kolombia, cha mama yake, alichokuja nacho Durban akiwa kijana, ile meli yao ilipotelekezwa na wenyewe hapa bandarini. Daktari alisema hutokea. Lugha ya kwanza iko chini kabisa, zilizokuja baadaye ndizo zinazokatika. Alinieleza kwa upole sana, nami niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za hospitali mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea.

Wewe unamjua Beto. Yule mtu aliyekaa barazani kwako akakuhadithia habari za mvua za kwao mpaka ukasahau maharage jikoni. Kiswahili alijifunza kwa mabaharia wa Kitanzania pale Bluff, na mimi nilipofika sikuwa na Kiingereza cha maana, kwa hiyo ndicho tulichotongozana nacho. Kwa Kiswahili alinioa. Kwa Kiswahili tulimzika mtoto wetu. Matusi yetu, mapatano yetu, majina ya kipuuzi ambayo siwezi kukuandikia wewe mzazi wangu, yote yalikuwa kwa Kiswahili. Sasa namwambia "Beto, kula," ananitazama kama mtu aliyekaa kwenye basi la watu asiowajua.

Hapa mtaani watu wamejaribu. Wakongo wanamsalimia Kifaransa, wakidhani labda kitakaribiana. Wazulu wanamwona mtu mweusi kama wao wanamwongelesha Kizulu, na asipojibu wanadhani anaringa. Vijana wa Kitanzania wenye kibanda cha kinyozi kule South Beach walimchukua wakacheza naye dhumna, maana niliwasimulia jinsi alivyowafunga wazee wa Muheza. Alicheza kwa mkono wa kushoto, akashinda, akabamiza kete mezani na kusema utani wake. Hakuna aliyecheka kwa sababu hakuna aliyeelewa. Akaurudia polepole zaidi. Wakacheka basi, ili kumridhisha, na Beto si mjinga, akazigeuza kete zake na hakutaka tena kwenda.

Utasema kuna simu zinazotafsiri. Zipo, na ninayo. Lakini maneno yake yanatoka yamepinda upande mmoja kama mdomo wenyewe, na simu inaandika upuuzi. Siku moja alikuwa analia, analia kweli, nikamwekea simu mdomoni, ikaniambia anataka kununua farasi. Niliitupa kitandani.

Mwenye saluni, yule Mkongo tunayemwita Mama Bijou, ndiye aliyeniambia ukweli kwanza. Nilikuwa nasuka kichwa cha mtu huku machozi yananidondokea mikononi, akaninyang'anya kitana. "Mama Salo," akasema, "ile bwana yako hatakufa na maladi, ile bugonjwa yake. Atakufa na kunyamaza. Hapa Durban hakuna mutu wa kusema naye. Utafute muji kwenye kuko batu yake, umupeleke."

"Mji gani, Mama Bijou? Nitaujulia wapi?"

"Eish, mimi najua Lubumbashi na Umbilo Road. Uulize batu."

Basi nikaanza kutafuta mji, mama. Nimekuwa mtu wa kuuliza miji kama wengine wanavyouliza bei ya nyanya. Mteja akikaa tu kwenye kiti, namuuliza anatoka wapi, kuna Walatino huko, wale wasema Kihispania, na baridi yake ikoje. Maana na baridi ni jambo. Ule mkono wa kulia ukipata ubaridi unajikunja kama kucha ya ndege, anaumwa mpaka meno yanagongana. Daktari alisema joto ndiyo dawa yake nusu.

Sikiliza ujinga wangu wa kwanza. Niliona bango kwenye kioo cha duka kule South Beach, limeandikwa Latino kwa maandishi makubwa, na picha ya mwanamke mwenye ua kichwani. Kila Jumapili mchana. Nilisimama mbele ya lile bango nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilimpigia Beto pasi shati lake jeupe, nikampaka mafuta, nikamwambia kwa mikono kwamba tunakwenda kwa watu wake. Akaelewa. Kwenye teksi alikuwa anajikohoza na kusafisha koo, kama padri kabla ya misa.

Tulikuta ukumbi umejaa watu wazuri tu, Wahindi, Wazungu, wasichana wa Kizulu wenye viatu vya kung'aa, wanafundishwa kucheza. Muziki ulikuwa wenyewe, wa kwao hasa, Beto alifumba macho. Ulipokwisha akamshika mwalimu mkono akaanza kuzungumza. Alizungumza, mama. Miezi yote ile ilimtoka palepale. Mwalimu, kijana mpole, akangoja amalize, akaniambia kwa Kiingereza, "Samahani sana mama, mimi ni wa hapa Chatsworth. Ninachojua ni kuhesabu tu."

Na kweli alijua kuhesabu. Ngoma hiyo wanaihesabu kwa Kihispania: moja, mbili, tatu, halafu wanapumzika, tano, sita, saba. Nne hawaitaji, ndiyo mtindo. Beto akakaa kwenye kiti cha ukutani akisikiliza. Kila walipofika tatu wakanyamaza, yeye akaitaja nne. Kwa adabu kabisa, kama mtu anayemkumbusha mwenzake. Mwalimu akamwonyesha dole gumba. Wakarudia, naye akaitaja tena. Alidhani wameisahau. Alifurahi, mama, alikuwa na kitu cha kuwapa. Mimi nilitazama viatu vya watu mpaka wakamaliza.

Baada ya hapo nilipata habari ya Johannesburg. Kuna Mvenezuela mmoja, Bi Yadira, mume wake ni fundi wa mitambo, na nyumbani kwake Walatino hukutana, wanapika, wanacheza dhumna zao, wanagombana habari za mpira. Nilimpigia nikamweleza kwa Kiingereza changu hiki. Akasema njooni hata kesho. Tulikwenda kwa basi. Hapo ilikuwa baridi imekwishaingia, na Johannesburg, mama, baridi yake haina utani.

Lakini kwanza nikuambie nilichokiona. Tulipofika, Bi Yadira alimsalimia mlangoni, na Beto akamjibu, na yule mama akacheka. Akacheka kwa alichosema, si kwa kumhurumia. Nilikuwa nimebeba begi, nikaliacha likaanguka. Siku ile nzima nilimwona mume wangu. Alibishana. Alisimulia kitu na mikono, mmoja mzima na mmoja mbovu, na meza nzima ikashika mbavu. Mzee mmoja wa Kikuba alimpiga mgongoni mpaka nikaogopa. Mimi nilikaa jikoni na kikombe cha kahawa, sielewi neno, nina furaha ya kutaka kupiga vigelegele.

Kesho yake Bi Yadira alikuja kukaa karibu na mimi. Aliona haya. Akaniuliza, "Dada, nyinyi mna ugomvi?"

Nikamwambia hatuna.

"Mume wako amenituma nikuulize amekukosea nini. Anasema tangu augue hutaki kuzungumza naye. Unazungumza na watu wote kwa lugha za kigeni ili asielewe, na yeye unamwonyesha chakula kwa kidole."

Nilimwomba tu amweleze kwamba ni ugonjwa, kwamba sisi tulikuwa tunazungumza Kiswahili miaka yote, kwamba kimefutika kichwani mwake na hakuna aliyekosea. Akaenda akamweleza, nami nimesimama mlangoni natazama. Beto alisikiliza. Halafu akatikisa kichwa, akasema kitu kifupi. Bi Yadira hakutaka kunitafsiria, mpaka nilipomshika mkono.

"Anasema si kweli. Anasema hajawahi kujua lugha nyingine. Anasema wewe na yeye mmezungumza Kihispania tangu siku mliyokutana, na wewe ndiye uliyeacha."

Mama, fikiria. Kichwani mwake mimi nina sauti nyingine. Kila nilichowahi kumwambia amekihifadhi, hakuna kilichopotea, lakini anakisikia kwa lugha ambayo sijawahi kuitamka. Na huyu mwanamke anayemlisha sasa, anayesema maneno ya ajabu ajabu, anadhani ni mkewe aliyemnunia. Miezi yote hiyo. Namwogesha, yeye anawaza amenikosea nini. Nililia chooni kwa Bi Yadira nikiwa nimeuma taulo, maana nyumba ya watu haifai kulia ovyo.

Tungekaa Johannesburg. Nilikwishaamua. Lakini wiki haikuisha, baridi ikamshika kifua. Mkono ukajikunja ukagoma kufunguka, akakohoa mpaka akazimia mikononi mwangu, na daktari wa huko akaniuliza kwa hasira kama nataka kumuua. Tukarudi Durban na blanketi la Bi Yadira. Hapa kuna joto, hakuna watu. Kule kuna watu, hakuna joto. Nikawa sina mbele wala nyuma. Kuna siku nilikaa kitandani na kanga moja kutwa nzima, na Mama Bijou akaja kunitoa kwa nguvu.

Sasa nafikia ulichokuwa unakiogopa.

Najua umekipaka rangi kile chumba cha uani. Stefano alinitumia picha, pazia la bluu na kitanda cha chini ili Beto asipate shida ya mguu. Najua umemwambia kila mtu Muheza kwamba Salome anarudi na mgonjwa wake. Ulisema joto liko, maziwa yako, na wazee wa kijiweni watacheza naye dhumna. Yote kweli, na niliitaka safari hiyo kuliko unavyojua. Nilikuwa nalala nikiinusa nyumba yako. Lakini mama, mchezo ukiisha mtu anataka kusema neno. Mtamzunguka nyote kwa upendo, mtamsemesha nyote kwa pamoja, naye atakaa kwenye kile chumba kizuri akidhani ukoo mzima umemsusa. Siwezi kumfanyia hivyo. Nimejaribu kujishawishi, nimeshindwa.

Beto ana dada yake, Nubia, huko kwao Barranquilla, mji wa pwani ya Kolombia. Ni yule aliyekutumia picha ya Mama Bikira siku ya harusi yetu. Bi Yadira ndiye aliyenitafutia namba yake na kututafsiria; nimeuliza hali ya hewa kama ninavyouliza siku zote, akanicheka. Anasema ni joto mwaka mzima, kama Tanga kabla ya masika, watu wanatoa viti nje wanakaa vibarazani, wanacheza dhumna mlangoni na kelele zao zinafika mtaa wa pili. Wali, maharage, samaki, ndizi za kukaanga. Alipozungumza na kaka yake kwenye simu nilimwona Beto akikaa wima. Nubia amesema njooni wote wawili, chumba kipo.

Mashine yake ya kuchomelea nimeiuza. Karatasi za safari zimetoka. Bwana Hamisi atakapokukabidhi barua hii tutakuwa tunafunga mizigo, labda tumekwishaondoka. Nimekuandikia mwisho hivi kwa makusudi, kwa sababu ungeniambia nisiende ningekutii, na nikikutii Beto atakufa.

Mama Bijou aliniuliza swali moja tu. "Na weye, kule utasema na nani?"

Nikamwambia nitajifunza. Akanitazama. Anajua nimehangaika na Kihispania mwaka mzima hapa saluni, na nimeshika maneno ya chakula, maumivu, kulala, pole, na "usilie". Kichwa changu si cha shule, wewe mwenyewe ulikuwa unaniambia. Katika mji ule hakuna atakayejua Kiswahili. Nitakaa kwenye kile kibaraza watu wakicheka, nami nitatazama midomo yao. Nitaonyesha chakula kwa kidole. Naogopa, mama. Naogopa sana, na hapa hakuna wa kumwambia ila wewe.

Lakini nimelipima hili jambo kila upande. Popote tutakapokwenda, mmoja wetu atakuwa bubu. Yeye amekuwa bubu mwaka mzima, bila kujua kwa nini, akidhani ameadhibiwa. Mimi nitakuwa bubu nikijua kwa nini. Nimeona bora niwe mimi.

Nakuomba radhi yako. Si ya kupita tu, ya kweli, ya kuniwekea mkono kichwani. Najua maana ya kwenda mbali hivi nikikuacha na goti lako hilo na umri wako. Najua huenda nisikuone tena, nimelisema, limeandikwa, sasa tulibebe wote wawili. Ukiweza kunipa radhi hiyo, nipe kwa sauti, nitakuambia namna.

Nisalimie Stefano, kaka yangu mruka mistari, umwambie kile chumba cha uani asikiache kiliwe na panya, aoe akitumie, pazia liko tayari. Nisalimie shangazi mwenye cherehani, na katekista aliyetufundisha kabla ya ndoa. Nisalimie jirani anayekuletea maziwa asubuhi, umwambie Mungu amlipe, maana kazi ile ilikuwa yangu. Na wazee wa kijiweni waambie Beto atacheza tena.

Sasa hiyo namna. Najua hupendi kuzungumza na simu isiyo na mtu. Unasema ni wazimu kuongea na kitu kisichojibu. Lakini Stefano atakubonyezea akurekodi na kunitumia, wewe useme tu. Sema mvua imenyesha au haijanyesha, nani kafa, nani kaoa, mbuzi wa nani amekula mchicha wako. Sema kila siku, mama, hata kidogo. Nitakuwa nasikiliza sauti hizo peke yangu, nikijua bado kuna mahali watu wanasema maneno ninayoyaelewa.

Na siku ukikosa la kusema, nigombeze tu.

Mwanao asiyekuwa na mwingine wa kumwita mama,

Salome